Musa Naye Alijifunza Kuchunga



Tunawasalimu ninyi nyote wa hapa Nakivale, mlio wazima na mlio vitandani. Mwezi huu tunataka kusema na wale waliovuka mpaka wakiwa tayari watu wazima wenye kazi zao: walimu, wauguzi, makarani, wenye maduka. Tunajua mnavyoumia. Vyeti vingine viliungua pamoja na nyumba, vingine viko ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, na hakuna anayeviuliza. Na tangu 2023, mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi, nyumba nyingi zimeachwa bila kitu.

Tufungue Kutoka 2. Musa alipokimbia alikuwa na umri wa miaka kama 40, msomi wa elimu yote ya Wamisri (Matendo 7:22-23). Sasa someni Mwanzo 46:34: kwa Wamisri, mchunga kondoo alikuwa mtu wa kuchukiza. Basi huyu aliyelelewa nyumbani kwa Farao anafika Midiani, na kazi inayopatikana ni ile ile waliyoidharau kule alikokulia. Tena kondoo si wake, ni wa baba mkwe (Kutoka 3:1).

Nani alimfundisha? Biblia haisemi. Lakini angalieni waliokuwa wakilinywesha kundi kisimani: wasichana, binti saba wa kuhani (Kutoka 2:16). Sisi tunafikiri mtu mzima yule alionyeshwa kazi na wasichana.

Tunasema hivi kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu. Ndugu mmoja, aliyefundisha hesabu huko Rutshuru mpaka vita vya 2012, alikuja kwenye mafunzo ya kushona nyuma ya kanisa. Ana miaka 54. Fundi anayefundisha ni binti wa miaka 21, aliyevuka akiwa mtoto wa shule ya msingi. Binti akampa karatasi ashone bila uzi, kama wanavyoanza wote. Gurudumu likarudi nyuma, sindano ikachana karatasi, watoto dirishani wakacheka. Na sisi mchungaji wenu tulicheka.

Hakurudi mwezi mzima. Tulikwenda kwake kuomba radhi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: “Baba Pasta, kicheko cha watoto nilikizoea darasani. Chako ndicho kilichonikata.”

Hatukuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda naye, tukakaa kwenye cherehani ya pili, nasi tukapewa karatasi. Tuna miaka 47, na kutunga uzi kwenye sindano tuliazima miwani. Kaptula yetu ya kwanza ilitoka mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama mchungaji anashikia nayo sufuria.

Mwalimu yeye ametupita mbali. Akipewa kitambaa anapiga hesabu kwanza, anapanga vipande hata sare moja zaidi inapatikana, na sasa yule binti humletea vitambaa vyake amkatie. Hatutaki kuwadanganya: hana cherehani yake mwenyewe, anangoja zamu, na fedha ni ndogo. Lakini muhula huu alinunua madaftari ya watoto bila kukopa. Nasi bado tunamwita Mwalimu. Tafadhali asiwepo wa kumwambia asahau alivyokuwa. Musa alichunga mpaka Horebu, na baadaye aliwaleta watu wa Mungu kwenye mlima ule ule, akiwa na fimbo ya kuchungia mkononi.

Wazee mnaoona haya, njooni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na tumewaonya watoto wa dirishani.

Mafunzo ni Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane. Cherehani moja imekatika mkanda; mwenye kipande cha ngozi akilete kwa shemasi.