Diski Ilikuwa Nzima

Mpiga picha huyu wa Babati hatutamtaja jina. Wenzake wako kila mji. Kazi zake ni harusi, sendofu, kipaimara na mahafali, kuanzia Magugu mpaka Dareda, na wateja wake wana desturi ya kurudi baada ya mwaka au miwili kuomba picha walizozipoteza. Kwa ajili yao alinunua kisanduku cha kuhifadhi mafaili, kile kinachochomekwa kwenye ruta, chenye diski mbili za terabaiti 4 kila moja. Muuzaji alimweleza kwamba kila faili linaandikwa kwenye diski zote mbili kwa pamoja, hivyo moja ikifa nyingine inabaki. Ni kweli. Ila yeye alielewa kwamba sasa ana bakapu, akaanza kufuta picha kwenye kompyuta na kwenye kadi za kamera ili apate nafasi.

Diski ya kwanza ilipokufa, kisanduku kilitoa taarifa. Taa iligeuka nyekundu, mlio mwembamba ukaanza. Kijana wa studio akatafuta namna ya kuzima mlio, akaipata, na kazi ikaendelea kwa miezi. Picha zilikuwa zinafunguka. Nani angehangaika na taa?

Jioni moja ya mvua umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Uliporudi ukatulia, kisanduku hakikuwaka.

"Fundi, nisaidie, humu kuna harusi za watu."

"Usijali bosi, acha hapa, jioni pitia."

Fundi huyo si tapeli. Simu na kompyuta za mtaa mzima zinapita mikononi mwake na zinapona. Alitoa diski iliyobaki, akaichomeka kwenye kompyuta ya Windows. Sasa, visanduku hivi kwa kawaida huendeshwa na Linux, na jinsi vinavyopanga mafaili Windows haijui kuisoma. Badala ya kukiri hivyo, ikauliza kwa upole kama aifomati. Akakubali. Hata hapo picha karibu zote zilikuwa bado zipo, maana kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili na kuacha sehemu kubwa ya yaliyomo palepale. Zilizoharibika ziliharibiwa na hatua iliyofuata: alipakua programu ya kufufua mafaili, akaiagiza ihifadhi kila inachokipata kwenye diski ileile. Kila picha iliyofufuka iliweza kuandikwa juu ya nyingine iliyokuwa inasubiri zamu yake.

Mwenye mali akapanda basi la Arusha. Fundi wa huko, kabla ya kugusa diski, alitafuta chaja nyingine ya volti 12, akaichomeka kwenye kisanduku. Kikawaka. Kilichoungua kilikuwa chaja, kitu cha bei ndogo kuliko albamu moja ya harusi. Diski yenyewe haikuwa na kasoro yoyote ilipofika Babati mezani kwa fundi wa kwanza.

Fundi wa Arusha aliinakili nzima, kipande kwa kipande, kwenye diski nyingine kwa programu ya bure iitwayo ddrescue. Ile ya asili akaifungia kabatini, akafanya kazi kwenye nakala tu. Zilirudi picha nyingi, lakini bila majina na bila folda, harusi ya Galapo imechanganyika na mahafali ya Bonga. Video nyingi zilirudi zimekatikakatika, hazichezi. Na kama diski ingekuwa inagonga au kukwaruza, hata njia hiyo isingefaa: diski ya namna hiyo huzimwa papo hapo na kupelekwa kwa wenye maabara, kwa sababu inavyozidi kuzunguka ndivyo inavyozidi kujikwangua.

Wapo watakaosema angenunua cha kampuni kubwa. Mwezi Juni 2021, wenye visanduku vya My Book Live vya kampuni kubwa ya Western Digital katika nchi mbalimbali walivikuta vitupu. Wadukuzi walipita kwenye udhaifu wa programu yake, wakaviamuru vijifute na kurudi hali ya kiwandani. Programu hiyo haikuwa imesasishwa tangu 2015. Toleo la Duo, lenye diski mbili, nalo lilikumbwa; amri ya kufuta haichagui diski. Kampuni iliwaambia wateja wachomoe vifaa kwenye intaneti, kisha ikatangaza huduma ya kuwarejeshea data. Aliyekuwa na nakala kwenye diski iliyokaa katika droo ya nyumba nyingine hakuwa na haja ya huduma hiyo.

Kama unacho kisanduku cha namna hii, kaangalie taa zake leo. Ukikuta nyekundu, nakili kwanza mafaili kwenye diski ya pembeni, ndipo uite fundi. Kikigoma kuwaka, anza na chaja, na mwambie fundi mapema: kompyuta ikiomba kufomati, jibu ni hapana.