Mwenye Wimbo Huombwa, Hakisiwi

Wajukuu zangu, sogeeni. Najua baadhi yenu uchaguzi ukikaribia mnapata riziki kwa wagombea: mnachukua kibao kinachovuma, mnabadili mashairi, mnakirusha mtandaoni. Mkiulizwa mnasema, "Yule msanii ni wa chama kile, tunamtania tu." Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka.

Mwaka 2009, Charles DeVore, mjumbe wa Republican katika bunge la jimbo la California, alikuwa akiutafuta useneta. Akauchukua "The Boys of Summer", wimbo wa mwanamuziki Don Henley wa mwaka 1984, akautia maneno ya kumkejeli Barack Obama na waliomwamini. Henley akalalamika, YouTube ikauondoa.

Laiti DeVore angeishia hapo, wanangu! Alipinga wimbo kuondolewa, kisha akageuza na wimbo wa pili wa Henley, "All She Wants to Do Is Dance", ili amshambulie seneta Barbara Boxer kwa habari ya kodi.

Wakafikishana mahakamani. Sikilizeni utetezi wa DeVore, maana ndio huohuo wenu: Henley anajulikana kuwa upande wa Democrat, kwa hiyo kuugeuza wimbo wake ni kumcheka yeye. Basi kesi ya hakimiliki ikageuka ubishi juu ya siasa za mwanamuziki. Na haukumwokoa. Wimbo wa kodi ulimlenga Boxer, si Henley. Ule wa kwanza nao ulichota kazi ya mwenyewe kupita mahitaji ya mzaha.

Sheria ya Marekani ina nafasi ya kuucheka wimbo wenyewe. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mzaha wa kundi la rap la 2 Live Crew juu ya "Oh, Pretty Woman" waweza kulindwa hata kama unauzwa. Kuchukua wimbo wa huyu ili umpige yule ni habari nyingine kabisa. Kicheko cha kuazima hulipiwa na aliyecheka.

Jaji James Selna aliamua Juni 2010. Nisiwafiche: alilikataa dai kwamba watu wangedhani Henley anamuunga mkono DeVore. Lakini kwenye hakimiliki, Henley alishinda. Mwezi huohuo DeVore akawa wa tatu kwenye kura za mchujo. Agosti wakapatana, akaomba radhi hadharani.

Wala hakuomba peke yake. Msimamizi wa kampeni yake ya mtandaoni alishtakiwa pamoja naye, akaomba radhi pamoja naye. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi, maana huyo ndiye ninyi. Mgombea ana chama nyuma yake. Wewe mwanangu una nani?

Nawasihi, nawasihi tena. Mkitaka kumsema mwanasiasa, mtungieni wimbo wake mwenyewe. Mkiutaka wa msanii, mtafuteni kabla hamjaingia studio. Akikataa, mlipeni mpiga kinanda wa mtaani kwenu awatungie ala mpya.

Na mgombea akiwaharakisha, aandike na kutia saini kwamba kesi ikija yeye ndiye atakayemlipa wakili wenu. Asipokubali, msirekodi.