NANI AMSEMEE MTOTO?

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi swali moja: mtu amsemeaye mtoto mbele ya hakimu, je, aseme alipendalo mtoto, au aseme limfaalo? Mara ya kwanza swali laonekana jepesi. Lakini mwenye kulichunguza ataona ya kuwa ni zito.

Habari iliyotufikirisha ni ya mji wa Seattle, katika Marekani. Mwaka 1976 hakimu mmoja wa huko, David Soukup, alikuwa akiamua mambo ya watoto walioumizwa au kuachwa bila matunzo. Ilimpasa kukata neno: mtoto huyu arudi kwa wazazi wake, au akalelewe na wengine? Watu wazima walisema mbele yake, kila mmoja kwa upande wake, lakini hakuwapo aliyekuja kwa ajili ya mtoto peke yake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakimu yule aliona ya kuwa anaamua juu ya vitanda asivyovilalia, naye hakuwa na raha moyoni. Basi akawaalika watu wa kawaida wamsaidie bila mshahara. Alidhani watakuja wanne au watano, wakaja 50. Mwaka 1977 kazi ikaanza, kisha ikaenea katika Marekani.

Mtetezi wa namna hii hufundishwa kwanza, huapishwa, kisha hupewa mtoto mmoja, au ndugu wa tumbo moja. Humtembelea, huzungumza na wazazi, walimu na madaktari, kisha huandika aliyoyaona na kuyapeleka mahakamani. Hamchukui mtoto kwake, wala haamui. Hukumu ni ya hakimu. Wako waliodumu katika kazi hii miaka mingi. Na kudumu huko si jambo dogo, kwa maana mtoto wa namna hii huhamishwa nyumba hata nyumba, na watumishi wa serikali wanaomwangalia hubadilika. Mara nyingi mtetezi ndiye mtu mzima wa pekee asiyeondoka.

Sasa turudi kwa swali letu. Mtoto aliyepigwa na baba yake mara nyingi hulia arudishwe kwa baba huyo huyo, kwa kuwa upendo wa mtoto hauishi kwa majeraha. Mtetezi naye ameiona nyumba ile, akajua ya kuwa ina hatari. Afanyeje? Wengine husema, mtoto akililia wembe mpe. Lakini mithali hiyo ni ya jeraha dogo lifundishalo. Haikutungwa kwa ajili ya nyumba iwezayo kuua. Wengine husema, mtoto hajui kitu, wakubwa waseme kwa niaba yake. Hawa nao wamwonea, kwa kuwa wamnyang'anya kinywa alichopewa na Mungu.

Sisi twaona ya kuwa mtetezi ana deni mbili, nazo zina taratibu yake. Kwanza alifikishe neno la mtoto kama lilivyo, bila kulipunguza. Kisha atoe shauri lake mwenyewe, akisema wazi, "Hili ni langu." Dhambi si kushauri kinyume cha mtoto, dhambi ni kutia maneno yetu katika kinywa chake. Na haki ya kushauri haitoki katika elimu wala katika huruma ya siku moja. Yatoka katika kumjua mtoto kwa kukaa karibu naye.

Hapa Tanzania nako, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyaweka mambo haya mawili pamoja: maslahi ya mtoto yatangulizwe, tena mtoto awezaye kutoa maoni asizuiwe, bali asikilizwe.

Nasi Walutheri twaijua kazi hii tangu zamani. Mtoto mchanga aletwapo kwenye ubatizo, wasimamizi hujibu kwa ajili yake. Lakini msimamizi asiyeonekana tena baada ya karamu, je, amemsemea nani? Alijibu mara moja, wala hakukaa.

Basi, ninyi walimu wa Injili na wazee wa kanisa, shauri la yatima liletwapo mbele yenu, wajomba na baba wadogo wakishindana nani amchukue na nani ashike shamba la marehemu, ulizeni kwanza: ni nani kati yetu aliyezungumza na mtoto? Kama hayuko, ahirisheni shauri, mkamtume mtu mmoja mwaminifu aketi naye kando, asikie, kisha aseme. Tena, shauri likiisha, mtu huyo huyo aendelee kumtembelea mwezi kwa mwezi, hata mtoto atakapoweza kusimama na kusema mwenyewe. Mungu, aliye Baba wa yatima, awape masikio ya kusikia.