Unachekea Nini?

Ndege yangu ilikuwa ya usiku. Asubuhi niliacha sanduku kwenye makabati ya stesheni kuu ya Berlin, nikaenda kuyatazama yale ambayo siku zote nilikuwa nikiyapita mbio kuwahi darasani.

Karibu na Lango la Brandenburg ipo kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, iliyofunguliwa mwaka 2005: vipande 2,711 vya zege, safu kwa safu, bila jina hata moja juu yake. Kijana mmoja alikuwa amepanda juu ya kipande, mikono ameitanua, mwenzake anampiga picha huku wanacheka. Nilimwambia kwa Kijerumani changu cha kuungaunga ashuke. Akashuka, akaomba radhi. Nikaondoka nikijiona mtu mwenye adabu zake.

Kisha nikapanda treni hadi Wedding, kutafuta kibao cha mtaa. Mtaa huo tangu 1939 uliitwa Petersallee, kumuenzi Carl Peters, yuleyule wa mikataba ya ulaghai na machifu wetu. Mwaka 1986 wenye mji wakatangaza kwamba Peters anayeenziwa sasa ni Hans Peters, mwanasheria aliyempinga Hitler. Jina halikuguswa! Hatimaye, mwaka 2024, mtaa uligawanywa na sehemu yake moja ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Mimi ni mtu wa Songea. Nilisimama chini ya kile kibao, meno yote nje, nikajipiga picha na kumtumia mama.

Akajibu: “Hongera mwanangu. Sasa hapo unachekea nini?”

Nilitaka kumwandikia kwamba ni kicheko cha ushindi, kwamba jina la aliyekuja kututawala limeng’olewa. Lakini vita ile hatukuishinda. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, na waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ni wengi kuliko waliopigwa risasi.

Tena, tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa kwenye Makumbusho ya Majimaji, tukafukuzana karibu na kaburi la mashujaa. Mwalimu alitugombeza kwa kuchafua sare tu. Kwa hiyo kicheko chenyewe hakijawahi kuwa kosa kwetu. Msibani mtani huruhusiwa kucheka, kumwigiza marehemu, hata kulizuia jeneza mpaka apewe chochote. Hakuna anayemuuliza kwa nini anacheka, maana undugu wake na wafiwa unajulikana. Yule kijana wa kwenye zege sikumuuliza lolote. Huenda alikuwa mtalii tu kama watalii wengine. Huenda bibi yake alikuwa mmoja wa wanaokumbukwa pale. Niliona meno yake, nikatoa hukumu.

Ila utani haunitetei mimi. Ruhusa ile ni ya mtani, na mimi pale Wedding nilikuwa mfiwa. Mfiwa akianza kuchekesha watu, wazee humshika mkono wakamketisha. Ndicho alichofanya mama, kwa maneno manne, kutoka Songea.

Nikarudi nipige picha ya kibao peke yake. Nikakuta gari la takataka limesimama mbele yake, wafanyakazi wanasukuma mapipa bila haraka. Nikasubiri kidogo, hadi saa ikanilazimisha kulifuata sanduku langu.