Je, Kiokotwacho ni cha Mwokotaji?

Wako watu wengi nchini Uingereza ambao siku za mapumziko huenda mashambani na chombo cha kutambulia metali zilizofukiwa ardhini. Chombo kipitapo juu ya chuma, shaba, fedha au dhahabu, hulia, na mwenyewe huchimba. Aghalabu hupata msumari au kifungo. Mara chache hupata hazina. Anayeanza mchezo huu huuliza kwanza bei ya chombo. Sisi twaona liko swali litangulialo hilo: je, akiokotacho mtu ni chake?

Sheria ya huko imejibu kwa kiasi. Mchimbaji sharti apate idhini ya mwenye shamba, na kwa sheria ya mwaka 1996, apatapo hazina hana budi kuitolea habari katika muda wa siku 14. Lakini shambani hakuna askari; aliyepo ni mtu na dhamiri yake.

Mnamo Novemba 1992, huko Hoxne, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo ya mkulima rafiki yake. Akakuta sarafu na vijiko vya Kirumi. Baada ya kutoa baadhi, aliacha kuchimba, akatoa habari. Wataalamu wakafukua sarafu zaidi ya 14,000, wakatambua hata jinsi vitu vilivyopangwa sandukuni. Alizawadiwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima.

Kinyume chake, mwaka 2015 watu wawili walipata hazina ya zama za Waviking karibu na Leominster, wakaificha na kuiuza. Walitiwa hatiani mwaka 2019. Katika sarafu zilizokadiriwa kuwa 300, zilizokuwa zimepatikana ni 31 tu.

Mtu aweza kusema: nimetoa jasho, basi ni haki yangu. Ni kweli jasho lina ujira, na Lawes hakunyimwa wake. Lakini sisi walimu wa lugha twajua kwamba neno likinyofolewa katika sentensi hupungukiwa na maana. Sarafu nayo ni hivyo: mahali ilipolala na vilivyolala kando yake ndivyo vinavyoifanya iseme. Sarafu yaweza kuwa na mwenyewe. Habari zake ni amana ya wote, na ya wale wasiozaliwa bado.

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hapa pupa yake huwanyima na wengine. Kwa hiyo anayetaka kuanza, na ajifunze kwanza kuuzuia mkono wake.