Kuku Asiyeweza Kutembea



Tulimtembelea mama mmoja wa kanisa letu pale Katwe. Mtetea wake, aliyekuwa ameanza tu kutaga, alilala kwenye boksi, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Mama alimlisha uji kwa mkono. Jirani alimshauri: “Muuze upesi kabla hajafa.” Mama akatuuliza: “Mchungaji, nifanye nini?”

Tusicheke. Kuku huyo ni daftari na sabuni za watoto.

Miguu ya namna hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa Marek. Ni virusi, hauna dawa. Chanjo hupewa kifaranga wa siku moja. Mdondo nao hupoozesha. Basi kumuuza ni kupeleka ugonjwa katika banda la maskini mwingine. Hiyo si biashara, ni wizi.

Je, huruma ni nini hapa? Mithali 12:10 inahesabu kumtunza mnyama kuwa sehemu ya haki. Tumtenge, tumpe maji, tumgeuze asipate vidonda. Akikataa chakula, tusimrefushie maumivu kwa kuwa sisi tunaogopa kuagana naye.

Siku ya sita alikataa uji. Mama mwenyewe akaomba kisu. Hatukumla, tulimzika.

Kisha akasema: “Tulipokimbia vita, tuliwaacha njiani wasioweza kutembea.” Tukanyamaza. Mtu si kuku, wapendwa. Lakini moyo uliobaki laini baada ya njia ile ni neema, tusiucheke.

Mungu awabariki.