Usimshitaki Jirani: Mafundisho juu ya Saratani ya Damu



Liko neno moja linalovunja nyumba nyingi katika nchi yetu ya Kivu, nalo ni karuho, yaani sumu ya siri. Mtu akikonda, akipauka uso, akitokwa na damu puani, na homa ikimrudia kila juma, watu hawaulizi, “Anaugua nini?” Huuliza, “Ni nani aliyemtilia?” Na jibu huwa tayari: mama mkwe, mke mwenza, au jirani ambaye shamba lake lasitawi kuliko ya wengine. Leo tutazame ugonjwa mmoja unaoweza kuwatia watu katika shaka hiyo, ndio saratani ya damu, tujue Mkristu apaswa kutenda nini akiugua au akimwuguza mwenzake.

Kwanza, ugonjwa huu ni nini? Mwenyezi Mungu hakuiumba mifupa yetu iwe miti mikavu ya kuusimamisha mwili tu. Ndani yake mna uboho, na humo damu hutengenezwa mchana na usiku. Damu ina watumishi wa namna tatu. Chembe nyekundu huichukua hewa safi na kuipeleka mwilini mote. Chembe nyeupe ni askari wanaopigana na magonjwa. Na chembe ndogo za tatu huziba jeraha, damu isimwagike. Katika saratani ya damu, chembe zenye kasoro huongezeka bila kipimo, kama magugu katika shamba la maharagi. Hujaza nafasi, na zile njema hukosa mahali. Ndiyo sababu mgonjwa huishiwa nguvu, hushikwa na homa, hutokwa na damu ufizini, na pengine bandama yake huvimba upande wa kushoto wa tumbo. Dalili hizi hufanana na za malaria na za magonjwa mengine, wala jicho tupu haliwezi kuzitenga. Lazima damu ipimwe, na pengine uboho wenyewe. Tena ugonjwa huu hauambukizi. Kula pamoja na mgonjwa, kumwosha, kulala karibu naye, hakumdhuru mtu.

Pili, ni nani alaumiwe? Wanafunzi wa Yezu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni dhambi ya nani: yake mwenyewe, au ya wazazi wake? Bwana aliyakataa yote mawili. Hakumtafuta mkosaji, bali alimponya mgonjwa.

Angalieni pia mfano wa mganga mmoja wa hospitali. Mwaka 1957, huko Mulago, Kampala, katika nchi ya Uganda, mganga Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto wa namna ile ile mjini Jinja. Mganga huyo alikuwa na jicho moja tu, maana la pili alilipoteza angali mtoto. Lakini hakuuliza ni nani aliyewaloga watoto hao. Aliuliza walitoka wapi. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na waganga wenzake wawili, majuma kumi, kilometa 16,000 hivi, toka Kampala hata Afrika ya Kusini na kurudi, akiuliza hospitali baada ya hospitali. Akatambua kwamba uvimbe ule huonekana katika nchi za joto na mvua, wala si juu ya milima yenye baridi. Mwaka 1964, wataalamu wa London waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe ule, zilizopelekwa kwao toka Uganda. Leo tunajua kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, huchangia kuileta saratani hiyo ya chembe nyeupe. Na watoto wengi wanaowahi kutibiwa hupona.

Tafakarini, ndugu. Kama watu wangeridhika kumshitaki bibi wa mtoto yule, bibi angefukuzwa, mtoto asingetibiwa, na mtoto wa pili angefuata njia ile ile.

Ni kweli, kwa saratani nyingi za damu mganga hawezi kumwambia mgonjwa kwa nini yeye ndiye aliyepatwa. Hapo Mkristu awe na moyo mgumu wa kukaa bila jibu, kuliko kujitengenezea jibu la uwongo. Amri ya nane yatukataza kumsingizia mwenzetu. Mwenye kusema “fulani ni mlozi” mbele ya mgonjwa, huongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili huwarithi watoto na wajukuu.

Tatu, tutafute dawa. Yoshua bin Sira afundisha kwamba mganga ameumbwa na Mungu, na dawa zatoka ardhini kwa mapenzi yake. Basi asiyeenda hospitali kwa kusema “nasali tu”, huyo amekataa zawadi ya yule yule anayemwomba. Iko namna moja ya saratani ya damu, iendayo polepole, ambayo tangu mwaka 2001 hutibiwa kwa kidonge kiitwacho imatinibu. Mgonjwa hukimeza kila siku, na wengi huendelea kulima, kufundisha na kulea watoto wao kwa miaka mingi. Lakini asikiache kwa kuwa anajisikia mzima! Akikiacha bila amri ya mganga, ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Ng’ambo ya mpaka, huko Butaro katika Rwanda, hospitali ya kutibu saratani ilifunguliwa mwaka 2012. Lakini nisiwafiche: ziko saratani za damu ziendazo mbio, zitakazo dawa kali zisizopatikana karibu, na vita vilipoufikia mji wa Goma mwezi wa Januari 2025, safari za wagonjwa zilizidi kuwa ngumu. Kwa hiyo dalili zikionekana, nendeni mapema, msipoteze miezi na fedha kwa mpiga ramli.

Nne, nasema na wauguzaji. Mmeona chukudu ipandishapo mzigo wa viazi. Mwenye chukudu hushika usukani, lakini mlimani asipopata mtu wa kusukuma nyuma, atasimama njiani. Muuguzaji ndiye mwenye kusukuma nyuma. Simoni wa Kirene hakuuondoa msalaba wa Yezu. Aliubeba pamoja naye. Basi fanyeni hivi: nawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa, mpeni maji yaliyochemshwa na chakula kilichopikwa vizuri, maana askari wa damu yake ni dhaifu, mwenye kikohozi asimkaribie, akishikwa na homa, msingoje kesho. Majani ya dawa za kienyeji msimpe kabla ya kumwuliza mganga. Wala msimwachie mama mmoja kazi yote: jumuiya igawane zamu, huyu alale hospitali, yule apalilie shamba la mgonjwa, mwingine awapikie watoto.

Tena mtu mzima mwenye afya aweza kutoa damu yake bure. Mwili humrudishia, na mgonjwa hupata siku za kungoja dawa. Sisi tunaojiandaa kunywa kikombe cha Bwana aliyemwaga damu yake kwa ajili yetu, je, tutaogopa sindano?

Tano, tusisahau roho. Mkristu anayeugua sana amwite Padri mapema, apewe Mpako wa Wagonjwa. Sakramenti hiyo si tangazo la kifo. Ni nguvu ya mgonjwa. Nanyi wakatekumeni, mmoja wenu akiwa katika hatari ya kufa na akitaka ubatizo, asingoje Pasaka. Padri asipopatikana, mtu yeyote aweza kumbatiza kwa maji, akitamka maneno mliyofundishwa, na kutaka litakalo Kanisa.

Mkumbukeni kijana Carlo Acutis wa Italia. Alifariki tarehe 12 Oktoba 2006, mwenye umri wa miaka 15, kwa saratani ya damu iliyomshika siku chache tu. Mateso yake aliyatoa kwa ajili ya Baba Mtakatifu na Kanisa. Tarehe 7 Septemba 2025 alitangazwa Mtakatifu. Hakupona mwilini, wala hakuna aliyesema Mungu alimtupa.

Maswali ya kukumbuka

Je, saratani ya damu huambukiza? Hapana, haiambukizi.

Je, ni halali kumshitaki jirani kwa ugonjwa huu? Si halali, ni dhambi juu ya haki na mapendo.

Mkristu afanye nini? Apimwe mapema, afuate dawa, asali, wala asiachwe peke yake.

Azimio la juma hili: mtembelee mgonjwa mmoja, tena yule jirani anayesingiziwa umsalimu mbele ya watu.

Tuombe: Ee Yezu, uliyeguswa na mwanamke mwenye kutokwa na damu wala hukumfukuza, wape wagonjwa wetu dawa na saburi, wape wauguzaji nguvu, nasi ondoa ulimini mwetu sumu ya kusingizia. Amina.